Kijana wa Miaka Arobaini na Moja

Mwanangu Gidioni,

Naomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Barua hii ilikuwa yako tangu mwezi uliopita, siku ile uliporudi kutoka ofisi ya kanisa na cheti chako cha ubatizo mkononi, ukaniuliza huu mstari uliopigwa mahali pa jina la baba ni wa nini. Nilikuwa nakaanga dagaa. Nikakujibu bila kugeuka kwamba karani wa siku zile wino ulimwishia. Ukacheka, ukasema karani gani huyo anaishiwa wino kwenye jina moja halafu anaupata kwenye jina linalofuata. Na mimi nikacheka. Tukala. Tangu siku ile nimeianza barua hii mara tatu, na mara zote tatu karatasi imeishia kuwashia mkaa.

Leo sina pa kukimbilia. Treni yako ni kesho. Yona amelala baada ya kunililia asubuhi nzima, Sara yuko shule, Baba Sara yuko ufukweni anaanua dagaa kabla mvua haijashuka, na wewe umekwenda kuaga. Umeaga watu wengi, nasikia. Umemuaga mpaka muuza vocha wa pale njia panda. Yuko mmoja ambaye hujamuaga, na ndiye aliyekuja hapa nyumbani leo asubuhi. Nitamfikia.

Sitakuandikia habari za kufunga begi wala za kutokula vya stesheni. Hayo mtu akiyakosea anaumwa yeye, anapona. Nakuandikia yale ambayo mtu akiyakosea anaumwa mwingine.

Baba yako ni Obedi.

Nadhani umeshasikia, kwa sababu hapa Kasingirima jambo halimalizi wiki ndani ya nyumba. Lakini kusikia kwa watu na kuambiwa na mama yako ni vitu viwili, na hicho cha pili nilikunyima. Ndiyo, Obedi huyo huyo, mwenyekiti wa vijana. Ndiye aliyekufundisha kinanda. Ndiye aliyekuandikia barua ya kukutambulisha chuoni, kwamba wewe ni kijana mwaminifu usiye na doa. Na jana mbele ya kanisa zima ndiye aliyekuwekea mkono kichwani akakuombea safari mpaka jasho likamtiririka. Nilikuwa nyuma nawatazama. Masikio yenu ni yale yale, yamesimama kama mipini ya sufuria. Hakuna mtu kanisani asiye na macho, ila wote wamejizoeza kutazama pembeni.

Umri wake ni miaka arobaini na moja, na bado anaitwa kijana.

Unajua utaratibu wetu. Mwanamume ambaye hajafunga ndoa anakaa benchi la vijana, anavaa shati la kwaya ya vijana, anahesabiwa kijana hata kama nywele zake zimeanza kuwa kama majivu. Hakuna anayemuuliza. Mimi nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba. Ulizaliwa Jumanne, na Jumatano jirani akaja na uji akaniita Mama Gidi. Sikupewa hata wiki moja ya kuzoea. Yeye amepewa miaka kumi na tisa, na akitaka atapewa kumi na tisa mingine, na mama yake bado yuko hai wa kumpigia pasi lile shati.

Kila Krismasi anaigiza Yusufu. Umeshamwona, na ndevu zake za pamba zilizobandikwa kwa gundi, anamshika Mariamu mkono kwa heshima anampeleka zizini. Watu wanalia. Na mimi huwa natokwa na machozi, ila yangu ni ya kujizuia nisicheke. Yusufu mwenyewe, nionavyo mimi niliyeishia darasa la saba, hakuna mahali kwenye Maandiko yote palipoandikwa kwamba amesema hata neno moja. Hakuimba, hakufundisha semina. Aliambiwa amchukue mwanamke na mimba isiyo yake, akaamka akamchukua. Huyu wetu alipewa iliyo yake, akaenda kutafuta pamba.

Halafu zile semina. Kila mwaka shule zikifungwa anawakusanya vijana na mabinti anawafundisha maandalizi ya ndoa. Anachora ubaoni nyumba yenye paa, anasema paa ni mwanamume. Mwaka juzi nilikuwa napika chai ya washiriki, nikasikia binti mmoja akimuuliza, "Mwalimu, na wewe lini?" Akajibu kwa sauti ile yake ya kushuka, "Ninamngoja Bwana anionyeshe." Mama mmoja aliyekuwa anamenya viazi pembeni yangu, hakupandisha sauti hata kidogo, akasema, "Bwana alishamwonyesha, alifumba macho." Jiko zima likacheka. Ubaoni Obedi akasema tuinamishe vichwa tuombe.

Usidhani nakuandikia ili umchukie. Kumchukia kunataka nguvu, na mimi nguvu zangu zina mtoto wa miezi minne. Nakuandikia umjue, maana mtu asiyemjua anaweza akamfuata bila kukusudia.

Hakunilazimisha. Nilimpenda. Niliimba sauti ya kwanza, yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili na kinanda kipya cha kanisa, na mazoezi yakiisha tulikuwa tunabaki kufunika vyombo vya muziki. Hilo ni kosa langu na nimeshalitubu, tena mbele ya watu, nitakusimulia. Si hilo linalonitesa.

Linalonitesa ni siku niliyomwambia. Tulikuwa kwenye mwalo, boti ya Kagunga inashusha watu na mizigo, kelele nyingi, mahali pazuri pa kusema jambo usilotaka lisikike. Nikamwambia. Aligeukia maji. Halafu akasema, "Ukinitaja watanifuta. Nyamaza mpaka nimalize chuo, nikirudi naleta barua ya posa kwenu." Alikuwa anakwenda chuo, miaka miwili, kanisa ndilo linampeleka. Nikaona amesema vizuri. Nikaona ndiyo mapenzi yenyewe, mimi nibebe kimya, yeye abebe vitabu. Nilirudi nyumbani najiona shujaa. Mwanangu, mjinga anayejiona shujaa hasaidiki, hata malaika anamwacha apite.

Wazee wa kanisa wakaniita baada ya ibada. Walikuwa wanne, meza ina kitambaa cheupe, chupa ya chai, na vikombe vinne, cha kwangu hakikuwepo. Wakaniuliza ni nani. Nikanyamaza. Wakauliza tena, nikanyamaza tena. Basi mzee mmoja, marehemu sasa, akanisaidia. Akasema, "Au ni mvuvi wa ng'ambo?" Ng'ambo ya ziwa, Kongo huko, ambako hakuna mtu wa kwenda kumuuliza. Nikatikisa kichwa kukubali. Ungeona walivyopumua. Mvuvi wa ng'ambo hakai benchi la mtu yeyote, si mtoto wa mzee yeyote, na hapigi kinanda. Wakanywa chai yao. Ulipobatizwa, karani akafika mahali pa jina la baba akapiga mstari, na mstari ule wino haukuisha, ulikuwa mwingi mpaka ukapenya upande wa pili wa karatasi.

Kosa langu ni hilo la kutikisa kichwa. Nimelibeba kuliko nilivyokubeba wewe.

Wakanitenga. Waliotengwa kwetu hukaa benchi la mlangoni, lile lenye mguu mfupi, hawashiriki meza ya Bwana wala hawaimbi kwaya. Nilikaa pale mwaka mzima, wewe ukiwa tumboni na baadaye mgongoni. Kisha wakasema nimekamilisha muda, nitubu nirudishwe kundini. Wakaniandikia karatasi ya kusoma. Nikasimama mbele, nimekufunga na kanga mgongoni, nikasoma kwamba nimeutia aibu mwili wa Kristo. Na unajua mtu akitubu kwetu huwa kinapigwa kinanda polepole ili watu waguswe. Obedi alikuwa likizo kutoka chuo. Alipiga vizuri sana. Alipiga mimi nikisoma, hakukosea hata sauti moja, na wewe mgongoni ukatulia kabisa kwa muziki wake. Hapo ndipo nilipoacha kuingoja ile barua ya posa.

Nilirudishwa kundini, lakini nilipokwenda kukaa na akina mama, mikoba ikasogezwa benchini ikajaza nafasi. Hawakuwa wabaya, walikuwa wanajaza nafasi. Nikarudi mwenyewe mlangoni. Pana upepo, na mtoto akilia unatoka haraka. Miaka minane nilikaa pale kwa hiari yangu, na Jumapili moja akaja mwanamume akakaa upande wa pili wa benchi. Nikadhani ametengwa. Nikajiuliza amefanya nini. Alikuwa hajafanya kitu. Alikuwa ametoka kwenye dagaa, hakupata muda wa kuoga mara mbili, akaona haya kuwasogelea watu na harufu yake. Ndiye Stefano, Baba Sara wenu.

Tulikaa benchi moja miezi mingi, benchi likiinamia upande wangu kwa sababu ya ule mguu mfupi, mpaka siku moja akaja na kipande cha ubao akakiweka chini ya mguu. Akaketi, benchi likakaa sawa. Alipokuja kunieleza nia yake, nilimkatiza. Nikamwambia kabla hujaendelea, ujue nina mtoto wa kiume, ana miaka tisa, na hana jina la baba kwenye daftari. Akauliza, "Anakula dagaa?" Nikamwambia anakula. Akasema, "Basi."

Huyo darasa la tano hakumaliza. Hawezi kusimama kuongoza sala, anatetemeka. Akina mama kanisani wananiambia ningesubiri ningepata mtu mwenye huduma. Lakini Yona akilia anayeamka kwanza si mimi, na mwaka ule ulipougua malaria ikakupanda kichwani, aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali akiwa hana viatu si mwenye huduma. Kwenye semina za Obedi hata hachorwi. Hajui kama yeye ni paa. Anajua tu mvua inanyesha.

Sasa nije kwako, na hapa naomba uvumilie, maana dharau niliyonayo nitaigawa sawasawa, na fungu langu litakuja kwanza.

Nilikulea vibaya. Nilikuwa binti mwenye hasira na dunia, nikasema huyu mmoja wa kwangu hatakosa kitu. Nimekufulia nguo mpaka wiki iliyopita. Sara ana miaka minane anaosha vyombo, na wewe kijana mwenye sauti nzito unavuka juu ya ndoo yake kwenda mazoezini. Baba Sara alipokuwa akikuita mwende ufukweni kuanika, nilisema mwache, ana kwaya. Baba Sara akaniambia mara moja tu, "Mama Gidi, huyu utamfulia mpaka lini?" Nikanuna siku mbili. Nilimcheka mama yake Obedi kwa ile pasi yake, na huku pasi yangu ilikuwa na moto. Nimelea kijana mwingine wa benchi la mbele, na nimemlea kwa mikono yangu hii yenye magamba ya dagaa.

Leo asubuhi Jenista alikuja. Alitembea kutoka Simbo na ndoo ya mawese kichwani ili kwao waseme amekwenda kuuza. Akaamkia shikamoo kwa adabu zake zile, akakaa kizingitini, akakataa kuingia. Nikamkaribisha chai akasema tumbo halikubali. Basi nikajua. Nilijua kabla ya hapo, kusema kweli. Nimekuwa nikiwaona mkibaki kufunika vyombo, nikajiambia hayanihusu.

Akasema mama mlezi wa kwaya amemwona akitapika mazoezini, na wazee wamemwita Jumapili baada ya ibada. Nikamuuliza watamuuliza nini. Akasema jina. Nikamuuliza, "Na utawajibu nini?"

Alikuwa anachezea mfuniko wa ndoo. Akasema, "Gidi amesema nikimtaja watamfuta. Ninyamaze mpaka amalize chuo."

Mwanangu, nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka Yona akashtuka, na binti wa watu akaanza kulia akidhani namcheka yeye. Maneno yale yale. Kama vile mnapewa yameandikwa, mkitoka kipaimara mnakabidhiwa karatasi mweke mfukoni kwa ajili ya siku hiyo. Na Obedi hakukufundisha hayo, alikufundisha kinanda tu. Uliyatoa wapi? Ndipo nikaelewa kwamba hayafundishwi. Yanaota yenyewe popote ambapo mtu amefuliwa nguo muda mrefu.

Nilimwomba Jenista radhi. Nikamsimulia habari ya kitambaa cheupe na vikombe vinne. Ni mtu wa kwanza kumsimulia mbali na Baba Sara. Akaniuliza, "Mama, kama ungemtaja ingekuwaje?" Nikamwambia sijui, labda asingenioa, labda ningekaa mlangoni vile vile. Lakini mwanangu angekuwa na jina mahali pa jina, na mimi nisingekuwa mtu aliyesema uongo ili mwongo apate cheti.

Ulipokuja kula mchana nilikuuliza, sahani zikiwa bado zina moshi, wewe na Jenista mmekubaliana nini. Uliweka kijiko chini. Ukasema, "Mama, mimi bado kijana. Acha nimwombe Mungu anionyeshe." Uliona niliinuka nikaenda kumchukua Yona. Yona hakuwa analia. Nilikuwa natafuta kitu cha kushika mikononi ili nisikushike wewe.

Akuonyeshe nini, Gidioni? Mkono? Tumbo la binti limeshaonyesha, linaonyesha mpaka kwa mama mlezi wa kwaya ambaye bila miwani hasomi nyimbo. Mungu mnayemtaja ninyi vijana ni Mungu wa ajabu sana. Kwenye kubaki kufunika vyombo hamkumuuliza, mlijua wenyewe. Kwenye kutaja jina ndipo mnafunga kuomba. Mimi namwamini Mungu, unajua, nimekaa kwake mlangoni miaka mingi kuliko wengi waliokaa mbele. Na ninaona aliuliza swali moja tu pale bustanini, Adamu uko wapi, na bwana yule akaanza kueleza habari za mwanamke. Alikuwa anaulizwa yuko wapi yeye.

Sasa, usinisikie vibaya. Sikusukumi ukafunge ndoa Jumamosi. Hilo nalo nimeliona na silitaki. Wakigundua mapema huwa wanaharakisha, gauni la kuazima, picha za kiunoni kwenda juu ili tumbo lisionekane, kisha watoto wawili wanakabidhiwana mtoto wa tatu na kanisa linasema aleluya. Ndoa si kitambaa cha kufunikia meza. Kama utamwoa Jenista, na kama Jenista atakutaka, maana hata hilo sina hakika nalo baada ya kumwona leo, mtaongea ninyi, miezi inakuja. Mtoto lakini hasubiri mwelewane. Yeye anakuja na jina au anakuja na mstari, na hilo linaamuliwa Jumapili.

Sikuzuii kusafiri pia. Ningeweza. Ningeficha hiki cheti, ningekwenda kwa mchungaji jioni hii, na kesho treni ingeondoka na kiti chako kitupu. Lakini nikikushika mkono nikakupeleka mbele ya wazee, nitakuwa nimekufulia kwa mara nyingine. Nenda. Barua hii nitaitia ndani ya daftari lako la nyimbo, kwa sababu najua hilo utalifungua kabla ya lile la masomo. Utaisoma njiani ukiwa umeshapita Uvinza, mahali ambapo hakuna wa kumwambia namuomba Mungu anionyeshe isipokuwa abiria mwenzako na kuku wake.

Na jina lako sitalitaja mimi. Nimemwambia Jenista hivyo hivyo, na nimemwambia asiponyamaza hajakosea, na akinyamaza simlaumu, maana najua kile chumba. Nitakuwa naye benchi la mlangoni. Nitaingia naye ndani hata kama hawajaniita, na kikombe changu nitakwenda nacho kutoka nyumbani.

Ila langu nitalitaja. Kabla hawajamuuliza yeye nitawaomba wanisikilize mimi kwanza, nitawaambia mvuvi wa ng'ambo hakuwahi kuwepo, na aliyekuwepo ni huyo anayefungasha kinanda pale nje. Baba Sara nimemwambia. Alikuwa anakunja chandarua. Akauliza kama ataweza kuja akiwa ametoka kwenye dagaa. Nikamwambia aje vile alivyo.

Inawezekana watanitenga upya kwa kuwadanganya wazee. Watakuwa na haki, niliwadanganya. Benchi nalijua, mguu wake umetengenezwa. Inawezekana Obedi atakataa, au atalia, maana analia vizuri. Hata akikubali sitaki kitu kwake, na wewe usitarajie kitu kwake, baba unaye, alikubeba. Nataka tu ule mstari ufutwe na mtu yule yule aliyesababisha upigwe, na mtu huyo ni mimi.

Nakupenda, mwana wanje, mwanangu. Nimeandika kwa ukali kwa sababu kwa upole nimeshajaribu miaka kumi na tisa na umeona matokeo yake. Sidhani wewe ni mtu mbaya. Obedi hata yeye hakuwa mbaya. Alikuwa mzuri, mwenye sauti, anayependwa na mama yake, na aliahirisha siku moja, halafu kesho yake akaona jana yake imepita bila mtu kumgombeza. Ni hivyo tu. Hakuna kitu kingine alichofanya kufika arobaini na moja.

Vitu ninavyohitaji unitumie ni hivi. Mpe kondakta wa basi la Tabora linalokuja huku, umwandikie namba ya Baba Sara juu ya bahasha, vinifikie kabla ya Jumamosi jua halijazama.

Karatasi moja kwa wazee wa kanisa, kwa mwandiko wako, yenye jina lako lote na jina la Jenista, na neno kwamba mtoto ni wako. Sahihi chini. Usitume kwa simu, ujumbe wa simu mtu anaufuta halafu anasema mtandao.

Karatasi ya pili kwa baba yake Jenista kule Simbo. Hiyo usiseme umeongozwa wala umeonyeshwa. Sema shikamoo mzee, sema ulichofanya, sema unamtuma Baba Sara akae naye wazungumze. Baba Sara amekubali kwenda, ila hawezi kwenda kama hajatumwa na mwenye jambo.

Mistari michache kwa Jenista mwenyewe. Hiyo sitaifungua.

Shati la kwaya ya vijana, ambalo nimeona umelikunja juu kabisa ya begi. Lirudishe, kuna watoto wa kweli wanalihitaji. Lifue wewe, sabuni iko mfuko wa pembeni, na kola inataka kusuguliwa kwa mkono.

Na cheti chako cha ubatizo, ukishawaonyesha chuoni. Katibu wa ofisi ya kanisa anasema hawaandiki kipya bila cha zamani kurudi. Kalamu ninayo.